Lori la Chai na Mbio za Jumapili

Kwa miaka thelathini na mmoja Taratibu aliendesha lori la mayai, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kulipita gari lolote barabarani. Tuseme kweli yote: alilipita trekta moja, mwaka wake wa kumi na tisa kazini, na mpaka leo hulisimulia. Shemeji yake anasema trekta lile lilikuwa limeegeshwa na mwenyewe amekaa kando anakula. Taratibu hujibu kwamba injini ilikuwa inanguruma. Ubishi huo umeshaharibu sherehe tatu za ukoo na bado una nguvu.

Msomaji asimcheke mapema. Anayebeba trei mia nne za mayai juu ya barabara yenye mashimo hana ruhusa ya kuwa na haraka, na Taratibu alivunja mayai saba tu tangu aanze kazi hadi alipostaafu. Anakumbuka kila moja lilivunjikia wapi. Nyuma ya lori lake yaliandikwa maneno "Mwenda pole hajikwai", na walionaswa nyuma yake walipata muda wa kuyasoma mpaka wakayachukia. Wakipiga honi, yeye huwasha taa ya pembeni, husogea kando, husimama, kisha huwapungia mkono wapite. Aliyapisha mabasi, akazipisha pikipiki, na siku moja aliipisha baiskeli iliyobeba kitanda. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye vyeti. Kwingine kote ni Taratibu.

Siku ya kustaafu, kampuni ilimpa zawadi. Waliomtangulia walipewa saa za ukutani; yeye alipewa lori la kuchezea, refu kama mkono kuanzia kiwikoni, lenye tela, vioo, taa za pembeni, na rimoti ya kuliendeshea. Bosi alisema ni la kumkumbusha barabara. Taratibu alilia kidogo, watu wakapiga makofi, kila mtu akaenda nyumbani na trei ya mayai.

Lori lile lingeozea kabatini kama si goti la mkewe. Mkewe ni fundi wa nguo, na goti lake la kulia lilianza kumsumbua mwaka huohuo, ikawa hatembei bila mkongojo. Kutoka jikoni hadi chumba cha cherehani ni hatua kumi na nane za korido, na katikati pana kizingiti. Taratibu akakata kipande cha trei ya mayai, akakigandisha ndani ya tela, kikombe kikaenea sawasawa. Kwenye kizingiti akaweka kibao cha mteremko. Tangu hapo, kila siku saa nne asubuhi na saa kumi jioni, lori liliondoka jikoni na chai ya mke wake, likakunja kona kwa taa, likafika baada ya dakika mbili na nusu. Kwa miaka miwili halikumwaga tone. Shemeji mtu alijaribu kuliendesha siku moja, na chai ikaishia kwenye gauni la mteja.

Shemeji huyo, mdogo wake mkewe, ni kinyozi, na Kinyozi ndilo jina tutakalomwita. Ana kiti kimoja, vioo viwili na mdomo usio na breki. Juu ya kioo kikubwa, pale wenzake wanapoweka picha za mitindo ya nywele, ameweka kigari chake cha mbio: chekundu, kimelala chini, matairi ya nyuma mapana, hakina paa wala aibu. Kila Jumapili alasiri hukipeleka kwenye uwanja ulio nyuma ya ghala la mbao, ambako watu wazima wenye kazi na familia hushindana kwa rimoti kuzunguka matairi mabovu, na kila Jumapili hushinda.

Jumanne moja Taratibu alikuwa kwenye kiti, povu limemfika masikioni, Kinyozi akawageukia wateja waliokuwa wakingoja.

"Mnamwona shemeji yangu huyu? Akishindana na kivuli chake, kivuli kinafika nyumbani kwanza, kinaoga, kinampashia chakula."

Wateja wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akashuka kwenye benchi. Taratibu alikuwa na wembe shingoni, hivyo alijibu bila kutikisa kidevu.

"Jumapili nakuja kukupita."

"Na nini?"

"Na lori langu."

Wembe ukasimama. Kinyozi aliweka mkono kifuani kama anayekula kiapo. "Sikilizeni wote, nyinyi ni mashahidi. Shemeji, ukinipita hata mara moja, nitasema mbele ya watu kwamba lile trekta lilikuwa linatembea. Usiponipita, kila ukija hapa kunyoa utasema mwenyewe, kwa sauti, kwamba lilikuwa limeegeshwa. Nakupa Jumapili mbili, maana nikikupa moja utakuwa bado uko njiani."

Taratibu akakubali. Hapo ndipo tulipofika: mtu mzima, mwenye wajukuu wanne, ameweka rehani heshima ya trekta lake.

Alikwenda moja kwa moja kwa fundi simu, mwanamama mwenye kibanda chini ya ngazi za jengo la maduka, anayeongea kana kwamba maneno yanauzwa kwa kilo. Yeye ndiye mwamuzi wa mbio za Jumapili kwa sababu hana rafiki uwanjani. Aliligeuza lori juu chini, akalipapasa tumbo, akalirudisha mezani.

"Hili ni la mizigo."

"Nataka liwe la mbio."

"Basi toa. Kila unachokitoa ni mwendo, mzee wangu."

Ijumaa, chai ya saa nne ilipokwisha kufikishwa, Taratibu alitoa. Alitoa tela na kile kipande cha trei. Alitoa kichwa cha lori na viti vyake viwili vidogo, tangi la mafuta lisilokuwa na mafuta, ngazi, honi na taa za mbele. Akafupisha springi mpaka tumbo likakaribia kugusa sakafu. Betri akaisogeza nyuma, juu ya ekseli, ili matairi ya nyuma yaume ardhi, na matairi yenyewe akayapanua kwa kuyavisha vipande vya tyubu ya baiskeli. Ile gia ndogo ya mota ilikuwa ya kuvuta mzigo. Fundi simu akaing'oa, akaweka kubwa zaidi aliyoitoa kwenye mashine mbovu ya kuchapia karatasi, akasema hii sasa ni ya kukimbia. Bodi ilikatwa kwenye dumu la njano la mafuta ya kupikia. Ilipofungwa, ubavuni bado yalisomeka maneno "lita tano".

Kimoja tu kilileta ugomvi.

"Toa na hizo taa za pembeni," alisema fundi simu.

"Zina uzito gani?"

"Wa punje mbili za mchele."

"Basi ziache."

"Kwenye mbio hakuna taa za pembeni."

"Mimi ninazo," alisema Taratibu, na fundi simu akaona maneno yaliyobaki asiyapoteze.

Mkewe aligundua alasiri hiyohiyo, na aligundua kupitia mkasi. Kila aliyewahi kuishi na fundi wa nguo anajua kwamba mkasi wa kitambaa hukata kitambaa tu, na anayekatia karatasi hutafutiwa kikao cha ukoo. Huu ulikuwa umekatia dumu. Mama wa watu alijaribu kukata hariri ya mteja, hariri ikatafunwa. Akaunusa mkasi, ukanuka mafuta ya kupikia. Akachukua mkongojo, akafuata korido mpaka ukumbini, akamkuta mumewe amepiga magoti sakafuni mbele ya kitu cha njano, na pembeni, juu ya gazeti, masalia ya lori.

"Lori langu hilo?"

"Lilikuwa," alisema Taratibu.

"Na chai yangu itakuja na nini?"

"Nitaileta mwenyewe. Kwa miguu."

Nia ilikuwa njema. Jumamosi saa nne alikuwa anafunga springi, akasahau. Saa kumi alikuwa anajaribu kigari uani, kikaenda kasi ambayo hakuitarajia, kikaingia kwenye uzio, akasahau tena. Saa kumi na nusu alisikia mkongojo ukigonga korido: ko, halafu kimya, halafu ko. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na kuku wawili walikuwa wameingia ndani. Walimfikia mkewe kwenye kizingiti, wakampita mmoja huku mwingine huku, wakafika jikoni kabla yake.

"Tangu goti hili lianze sijampita mtu," alisema, akijimiminia. "Leo nimepitwa na kuku. Tena yule mnene."

Alisema huku akicheka, lakini hakumtazama. Taratibu aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Aliahidi kwamba mbio zikiisha tu, lori litarudi.

"Basi shinda upesi," alisema mkewe, "nirudishiwe gari langu."

Jumapili ya kwanza ilikuja. Mashindano ni mizunguko mitano. Kinyozi, kwa maringo, alimtanguliza Taratibu nusu mzunguko, akasema mzee na afurahie mandhari. Kumbe kigari cha njano kilikuwa na miguu. Gia ile ilivuma, matairi yakauma udongo, na mpaka mzunguko wa tatu lita tano zilikuwa bado mbele. Watu waliacha karanga zao. Kinyozi aliacha kutabasamu, akasogea, akafika nyuma kabisa kwenye kona nyembamba baina ya matairi mawili, akakosa pa kupita. Kwa kuudhika tu, bila hila yoyote, akapiga honi kwa mdomo.

"Piii."

Kidole gumba cha Taratibu kikasogea chenyewe. Taa ya pembeni ikawaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Kigari cha njano kikajiweka kando vizuri, kikasimama, na mwenye kigari akainua mkono akampungia Kinyozi apite.

Watu walitazamana kwanza. Kisha mtu mmoja akaanza kucheka, na baada ya hapo haikuwezekana kusikia kitu. Taratibu alijitazama mkono wake uliobaki hewani kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaondoka tena kwa hasira, akamfikia shemeji yake kwenye mzunguko wa nne, akawa ubavuni mwake, imebaki pua tu. Kinyozi si mjinga. "Piii," akasema tena. Taa ikawaka. Mkono ukapunga. Kwenye mzunguko wa tano alifanya vilevile, na safari hii watoto, wazee na muuza karanga walimsaidia kupunga.

Mazoea yana taabu. Ilipofika Jumatano, Taratibu akamsimulia mkewe. Mkewe aliendelea kushona. Saa kumi alipomletea chai, kwa miguu, juu ya sinia, mkewe alimwacha afike katikati ya korido, akasema kwa upole kutoka kwenye cherehani: "Piii." Mume akajibandika ukutani na sinia lake, akangoja.

"Unampisha nani?" aliuliza mkewe.

Taratibu alitazama mbele na nyuma ya korido. Hakukuwa na mtu.

"Naona ugonjwa hauko mikononi," alisema mkewe. "Uko masikioni." Akavuta mfuko wa pamba anayojazia mito, akakata vipande viwili, akavisokota kwa vidole vyake vya kazi, na kabla ya kumpa akaujaribu mkasi wake kwenye ukingo wa kitambaa. Ulikuwa bado haukati. Akamwambia deni la mkasi nalo analihesabu.

Jumapili ya pili mkewe alikwenda mwenyewe. Alikalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mwamuzi, mkongojo magotini. Wateja wote wa Kinyozi walikuwepo, pamoja na yule wa kushuka kwenye benchi. Safari hii Kinyozi hakumtanguliza mtu. Walipopanga vigari kwenye mstari, Taratibu aligeuka kando, akajaza pamba masikioni, na dunia ikawa tulivu kama alfajiri ya kupakia mayai.

Kinyozi aliongoza mizunguko mitatu. Wa nne, kigari cha njano kikaanza kumkaribia. Kinyozi akapiga honi. Kigari kikaja. Akapiga tena, kwa mapafu yote, akapiga ya basi, akapiga ya lori la mchanga, akapiga na ya treni. Mishipa ya shingo ilimtoka. "Sikio la kufa halisikii dawa," alipayuka, na hilo nalo halikusikika. Kwenye mzunguko wa tano, kwenye kona ileile nyembamba, Taratibu aliwasha taa ya kulia, akatoka, akaenda sambamba na kigari chekundu kwa muda ambao yeye anasema ulikuwa mrefu na wengine wanasema ulikuwa kufumba na kufumbua, akampita. Kisha akawasha taa ya kushoto, akarudi kwenye njia yake kwa adabu, akavuka mstari akiwa wa kwanza.

Machozi yalimtoka. Ilikuwa furaha tupu, na hakuona sababu ya kuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa imeshaisha, lakini nani wa kumwambia? Watu walikuwa wakipiga kelele kwamba imetosha. Yeye aliona midomo inafunguka, akadhani wanamshangilia. Akazunguka mara ya sita. Kigari chekundu kilikuwa kimesimama. Akakipita kwa taa ya kulia na ya kushoto. Akazunguka mara ya saba, akakipita tena wakati mwenyewe anatoa betri. Mara ya nane Kinyozi alikuwa ameshakiweka kwenye begi, na Taratibu akalipita begi. Hatimaye mkewe aliunyoosha mkongojo wake akamgusa bega, akamtoa pamba.

"Nani ameshinda?" aliuliza Taratibu.

"Wewe. Tangu juzi," alisema mkewe.

Kinyozi alijaribu kusema kwamba amepitwa akiwa amesimama. Fundi simu alimtazama mpaka akajirekebisha mwenyewe. "Mara ya kwanza ulikuwa unatembea," alisema mwamuzi. "Sana tu." Ikabidi. Kinyozi alipanda juu ya tairi bovu, sauti yote imekwisha kwa kupiga honi, akatangaza kwa mkoromo kwamba trekta lile, mwaka ule, lilikuwa linatembea. Waliokuwa mbali walimwomba arudie. Akarudia.

Wiki hiyo Taratibu alikuwa mtu mkubwa. Wenye vigari walimwomba ajiandikishe kwa msimu mzima, na Kinyozi, ambaye aibu ilimtoka haraka kuliko sauti ilivyomrudia, alidai marudiano. Kigari cha njano kilikaa juu ya televisheni. Jumatatu, ili mambo yote yaende pamoja, Taratibu alikifungia kikombe kwa mpira, akaielekeza chai kwenye korido, akagusa rimoti. Kigari kilifika kwa mkewe baada ya sekunde nne. Kikombe kilifika baadaye. Chai ilibaki ukutani, kuanzia kizingitini hadi karibu na dari.

Mkewe alitazama ukuta, akatazama kigari. "Lita tano," alisoma. "Mimi nilitaka kikombe kimoja."

Alasiri hiyo Taratibu alikaa sakafuni kwenye chumba cha cherehani akafungua skrubu. Haikumpendeza, tusidanganyane. Gia ya kukimbia aliitia kwenye chupa ya vifungo vya mkewe, na kila alipoitazama moyo ulimwuma kidogo. Akarudisha gia ya mzigo, springi ndefu, kichwa na viti vyake viwili, tela, kipande cha trei. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, akikata nyuzi kwa mkasi mpya ambao haukuwa umekatia dumu.

"Sasa naweza kusema," alisema Taratibu bila kuinua kichwa. "Lile trekta lilikuwa limeegeshwa."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Nilikuwa kando yako kwenye lori. Yule bwana alitukaribisha chakula."

Taratibu aliendelea kukaza skrubu. Alikuwa amesahau kabisa kwamba hakuwa peke yake siku ile, na kwamba miaka yote hiyo, kwenye sherehe zote zile, mkewe hakumwumbua.

Saa kumi lori liliondoka jikoni na chai. Mkewe alikuwa ameinuka kufuata uzi wa bluu uliobaki jikoni, na sasa alikuwa anarudi chumbani, nyuma ya lori, kwenye korido ileile. Ko, kimya, ko. Taratibu alisimama mwisho wa korido na rimoti mikononi, akawaona wote wawili wakija, lori mbele na mkewe nyuma yake. Mkewe alikuwa anakwenda kasi kidogo kuliko lori. Alifika nyuma ya tela, akakosa pa kupita.

"Piii," alisema.

Kidole gumba kikasogea. Taa ya pembeni ikawaka na kuzima, lori likajisogeza ukutani bila kumwaga tone, likasimama. Taratibu akainua mkono akampungia. Mkewe akakaza mkongojo, akapita pembeni ya lori, akavuka kizingiti akiwa wa kwanza, akaingia chumbani anacheka kwa sauti. Lori likangoja mpaka njia iwe wazi, likawasha taa, likamfuata na chai yake.